Amana ya Tykocin

Jirani akiondoka asirudi, nyumba yake huwa mtihani kwa waliobaki. Waichukue, waiache ianguke, au waitunze ilhali wanajua si yao? Mtihani huo uliukuta Tykocin, mji mdogo ulio kando ya mto Narew, kaskazini-mashariki mwa Poland.

Mwaka 1522 mwenye mji, Olbracht Gasztołd, aliwakaribisha Wayahudi waje kukaa hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: biashara ilishamiri, na mwaka 1642 wageni hao, ambao kufikia wakati huo walikuwa wenyeji, wakajenga sinagogi kubwa. Ndani, kuta zimeandikwa sala kwa herufi nyeusi za Kiebrania na Kiaramu, kila sala katika fremu yake ya nakshi, hata asiye na kitabu aliweza kusali kwa kuutazama ukuta. Karne moja baadaye, upande wa pili wa mji, Jan Klemens Branicki alijenga Kanisa la Utatu Mtakatifu. Huku walisali hivi na kule vile, lakini soko lilikuwa moja.

Sokoni hapohapo, tarehe 25 Agosti 1941, Wajerumani waliwaamuru Wayahudi wakusanyike. Siku hiyo na ya pili yake wakawapeleka msitu wa Łopuchowo, wakawapiga risasi na kuwafukia mashimoni. Waliouawa hukadiriwa kuwa 2,000, takriban idadi ya wakazi wote wa Tykocin leo. Ujirani wa karne nne ulikatwa kwa siku mbili.

Sinagogi likabaki. Wanazi waliligeuza ghala. Miaka ya 1970 lilikarabatiwa, na tangu 1977 ni makumbusho. Kazi hiyo inastahili shukrani. Lakini ukuta ukipakwa rangi upya hupendeza, na uzuri nao una hila: mgeni anaweza kuzistaajabia herufi zile, akapiga picha, akaondoka bila kuuliza waliokuwa wakizisoma wako wapi. Msitu wa Łopuchowo hauna nakshi, nao ni urithi wa mji kama lilivyo sinagogi. Anayeonyesha kimoja na kukificha kingine amekula amana.

Tunaotunza mali ya waliodhulumiwa, popote tulipo, tuna deni la aina mbili: jengo lisibomoke, na habari ya walivyoondolewa wenyewe isipunguzwe hata neno.