Mgeni anayemtia mwenyeji wake dhambini

Mimi ni mpenzi wa michezo na sioni haya kulisema hilo katika ukurasa huu. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipotuletea medali mbili za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, nilikuwa kijana mdogo hapa Isevya, nikakimbia kuuzunguka mtaa mzima kana kwamba nimeshinda mimi. Hadi leo, kila Olimpiki ikifika, kinachonikalisha mbele ya televisheni kuliko hata mbio zenyewe ni sherehe ya ufunguzi. Napenda kuyaona mataifa yakiingia na bendera zao, watu watatu wa kisiwa kidogo wakipunga mikono kwa furaha ile ile ya mamia ya Wamarekani. Hapo huwa najisemea: kumbe wanaadamu tunaweza kukaribishana.

Kwa hiyo hamtashangaa nikisema kwamba tarehe 27 Septemba 2023, ilipotangazwa kule Cairo kuwa Kenya, Uganda na Tanzania ndizo zitakazokuwa wenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, nilipiga takbira barazani. Baadaye niliona aibu kidogo, maana si mahali pake. Lakini ndivyo ilivyonitoka.

Vijana walishangilia nami. Wapo waliokwishaanza kupanga kwamba na uwanja wetu wa Ali Hassan Mwinyi upewe angalau mechi moja. Mzee mmoja, fundi cherehani aliyekwishaacha kazi kwa sababu ya macho, alituacha tukamaliza. Kisha akauliza: "Wageni hao mmewaalika kwa mali ya nani?"

Tulicheka. Mimi nikamjibu kwa hadithi ambayo kila mmoja wetu anaijua, kwamba anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho basi na amkirimu mgeni wake. Nilidhani nimemaliza maneno. Mzee akasema, "Hiyo umeisoma. Na ile nyingine?" Akanikumbusha iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba si halali kwa Muislamu kukaa kwa nduguye mpaka akamtia dhambini. Masahaba walipouliza atamtiaje dhambini, Mtume (s.a.w.) akaeleza kuwa ni kukaa kwake hali ya kuwa mwenyeji hana cha kumkirimu. Wanazuoni wameifafanua wakisema mwenyeji aliyeelemewa huishia kumsengenya mgeni, au kumdhania mabaya.

Sikulala vizuri usiku ule. Nitasema kwa nini, lakini kwanza tuuangalie ulimwengu.

Mwaka 1976 Olimpiki ilifanyika Montreal, Canada. Sisi hatukwenda, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya ragbi kwa makaburu. Tukaukosa mpambano wa Bayi na John Walker, na wapo wazee wanaoulilia mpaka leo. Wengi hatukujua kwamba wenyeji nao walibaki na kilio chao. Deni la uwanja ule mkubwa lilimalizika kulipwa mwaka 2006. Mtoto aliyezaliwa Montreal mwaka wa sherehe alifikisha miaka 30 mji wake bado unailipia karamu ambayo yeye hakuila. Huo ni mji wa nchi tajiri.

Deni peke yake lingeweza kuvumilika. Angalieni lililotokea Beijing mwaka 2008. Mimi nilikuwa mmoja wa waliotoa machozi yule binti mdogo mwenye gauni jekundu alipoimba. Siku chache baadaye ikafahamika kwamba sauti haikuwa yake. Aliyeimba kweli alikuwa binti wa miaka saba, Yang Peiyi, ambaye hakuonyeshwa kwa kuwa eti sura yake haikufaa mbele ya wageni. Akawekwa Lin Miaoke afumbue mdomo tu. Na aliyesimamia muziki alieleza waziwazi kwamba ilifanywa kwa maslahi ya taifa! Hivi, mtoto wa miaka saba unamwambiaje jambo kama hilo? Hapo mwenyeji amesema uongo kwa ajili ya mgeni, na amemdhalilisha mwanawe wa nyumbani.

Rio de Janeiro mwaka 2016 walikwenda mbali zaidi. Mtaa wa masikini uitwao Vila Autódromo ulikuwa pembeni mwa eneo la viwanja, na nyumba karibu zote zikabomolewa. Tuseme wengine walilipwa. Lakini ni nani amewahi kusikia mtu anamfukuza jirani yake ili apate pa kumtandikia mgeni jamvi?

Ndiyo maana wenye nacho wameanza kumkimbia mgeni huyu. Kwa michezo ya mwaka 2024, Boston ilijitoa, wakazi wa Hamburg wakapiga kura ya kukataa, Roma ikajitoa, Budapest nayo ikafuata. Wakabaki wawili tu, Paris na Los Angeles, na mwaka 2017 kila mmoja akapewa zamu yake, mmoja 2024 na mwingine 2028, asije naye akabadili mawazo. Mgeni wa namna hii, anayekuja na orodha ya vyakula, vitanda na barabara anazotaka, kisha akaondoka na mapato ya televisheni, sijui kama katika Kiswahili tunamwita mgeni.

Lakini sitaki mnielewe vibaya. Wapo watakaosema, basi masikini asialike mtu. Hilo silikubali hata kidogo. Heshima ya kutembelewa si ya matajiri peke yao. Nilifurahi Dakar ilipochaguliwa mwaka 2018 kuandaa Olimpiki ya Vijana, michezo ya kwanza ya Olimpiki kupewa bara letu, hata ikabidi iahirishwe kutoka 2022 hadi 2026. Nilifurahi Agosti 2025, pale mashindano ya CHAN yalipofunguliwa Dar es Salaam na tukawafunga Burkina Faso 2-0. Na uwanja wa Mkapa uliotumika siku ile upo tangu 2007, tuliujenga kwa msaada wa Wachina, na Simba na Yanga wanaujaza mara kwa mara. Huo si ufujaji. Ni chungu ambacho nyumba inapikia kila siku, na mgeni akija anakuta kipo jikoni.

Majirani zetu Wakenya tuliwacheka mara mbili. Fainali za 1996 zilikuwa zao, wakashindwa kwa kukosa fedha, zikaenda Afrika Kusini. CHAN ya 2018 wakanyang'anywa kwa kuwa viwanja havikuwa tayari, ikaenda Morocco. Niliwacheka na mimi. Leo najiuliza kama ile ya 1996 ilistahili kicheko. Mtu anayemwambia mgeni wake "mwaka huu sina" ameumia uso tu.

Sisi watu wa Tabora tusijifanye wageni wa jambo hili. Mji huu ulikua kwa kupokea misafara. Karne ya kumi na tisa msafara ukiikaribia Unyanyembe ulisimama kwanza, watu wakavaa nguo mpya walizozitunza njia nzima, bendera ikatangulia, ngoma na pembe zikalia, bunduki zikapigwa hewani. Stanley aliingia hivyo Juni 1871. Zile baruti ndizo fataki za siku hizo, na mji mzima ulitoka kutazama. Nilipokuwa mtoto nilipenda sana kusimuliwa habari hizo. Ilinichukua miaka mingi kuuliza habari za mpagazi, aliyetembea kutoka pwani na mzigo wa zaidi ya kilo 30 begani. Hapo mlangoni alivalishwa kanga safi, na wenye kutazama wakayaona mavazi.

Sasa niseme lililoninyima usingizi. Nilipomwoza binti yangu mkubwa nilialika watu mia nne. Uwezo wangu ulikuwa watu hamsini, na mama watoto alinieleza hivyo, tena kwa adabu kabisa. Nikamjibu kwamba hatuwezi kuaibika mbele ya wakwe waliotoka Mwanza. Nikakopa kwa mfanyabiashara mmoja. Biriani ikaliwa, spika zikalia, kila mtu akasema Isevya haijapata kuona. Muhula uliofuata mwanangu wa kiume, aliyekuwa kidato cha tatu, alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na ada ilikuwa imekwishaliwa na wageni. Hakurudi tena shule. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Na mimi, Mola anisamehe, kwa miaka miwili nilikuwa nikikutana na wale wakwe moyo wangu ukiwachukia, na wao hawakuwa na kosa lolote. Walikuja kwa kuwa niliwaita.

Nilipoisikia ile hadithi barazani nilijua anayesemwa ni nani. Nia yangu, kama nikiikagua kwa haki, haikuwa kuwakirimu wale watu. Nilitaka wasemwe waliokirimiwa na mimi. Na nadhani taifa nalo linaweza kukaguliwa kwa swali hilo hilo, kabla ya kandarasi kusainiwa na kabla ya fataki kununuliwa: tunajenga kile tutakachokitumia wageni wakiondoka, au tunapamba mlango? Na mzigo uko begani kwa nani?

Mwanangu sasa anaendesha bodaboda hapa mjini, ana mke na mtoto. Juzi alinipitia baada ya Isha akaniambia, "Baba, fainali za 2027 zikifika nitakupeleka Dar ukaone ufunguzi mwenyewe. Nauli ni juu yangu." Nikamuuliza kama ni ya akiba au ya kukopa. Akacheka, akawasha pikipiki yake.