Kumkumbuka Babu, Mwuguzi wa Mkwaja



Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Dk. Martin Luther alipoieleza imani ya uumbaji, hakuanza na nyota wala milima. Alianza na mtu mwenyewe anayekiri, akamtajia mwili na roho, macho na masikio, kuwa ni vipawa vya Mungu asivyostahili. Watoto huyakariri maelezo hayo upesi, na kuyasahau upesi vilevile. Sisi tuliyaelewa kwa kumtazama mtu mmoja, babu yetu marehemu, aliyekuwa mwuguzi huko Mkwaja, katika pwani iliyo kati ya Pangani na Saadani.

Alizaliwa katika milima ya Usambara, akashuka pwani angali kijana. Wenyeji wa Mkwaja, walio wengi wao Waislamu, walimpokea vema, wakamwita Daktari. Kila mara aliwajibu kwamba yeye ni mwuguzi tu, hawakumsikiliza. Alipokuwa hana zamu zahanatini alishika fimbo yake akaenda porini au ufukoni. Alijua tohe hulala wapi, na ndovu huyajia maji wakati gani. Lakini zaidi ya wote aliwapenda kasa. Jike la kasa hupanda pwani usiku, huchimba shimo mchangani, hutaga mayai mia na zaidi, huyafukia, kisha hurudi baharini asiyaangalie tena. Yapata miezi miwili baadaye watoto hutoka wenyewe na kuyakimbilia maji. Babu alipotupeleka Madete kuwaona alitukataza kuwasha taa, maana vitoto hivyo huufuata mwanga na kupotea. Tuliketi gizani tukiumwa na mbu, naye hakutuhurumia hata kidogo.

Katika siku zake nchi ile ilibadilika. Ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, iliyoanzishwa mwaka 1954, ilishindana na mbung'o miaka mingi, ikafungwa mwaka 2000. Kisha mwaka 2005 pori lile likawa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Njia alizozizoea zikahitaji ruhusa. Alihuzunika kwa ajili ya njia, akafurahi kwa ajili ya kasa.

Walikuwako Wakristo waliomnung'unikia, wakisema ya kuwa mwuguzi huyu huwapa wanyama saa ambazo angezitumia kuomba. Twadhani hawakuangalia vema. Siku moja aliletewa mvulana anayekojoa damu. Babu hakumwuliza amekula nini, bali huoga wapi. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye kidimbwi kile, akasimama ukingoni bila kutia mguu majini, akayavuta majani kwa fimbo, akaona konokono wadogo wameshikamana nayo. Konokono hao ndio wanaolea vijidudu vya kichocho, navyo humwingia mtu kwa ngozi anapooga. Mvulana alipata dawa. Lakini babu alikwenda nyumba kwa nyumba akiwatafuta wenzake walioogelea pale, nao wengi walikuwa na ugonjwa uleule, wala hakuna aliyekuwa amesema, kwa aibu. Mwuguzi asiyetoka nje angalimtibu mmoja, akarudi kitini pake.

Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wake wawatazame ndege na maua ya kondeni (Mathayo 6). Luther naye aliona ya kwamba ndege wamefanywa waalimu wetu, tena kwamba ni aibu kwetu, watu wazima wenye hekima, kufundishwa na shomoro. Hata hivyo kuona peke yake hakutoshi. Kuhani na Mlawi katika Luka 10 walimwona majeruhi kama Msamaria alivyomwona, wakapita kando. Babu alizoea kusimama. Alisimama kwa ajili ya ndege, na kwa hiyo haikuwa vigumu kwake kusimama kwa ajili ya mtu.

Katika miaka yake ya mwisho macho yale yalizimika. Ilikuwa presha ya macho, naye, kwa kuwa alikuwa mwuguzi, alijua kwamba kilichopotea kwa ugonjwa huo hakirudi. Mmoja wetu alimwuliza, "Babu, bado wamshukuru Mungu kwa macho?"

Alinyamaza kitambo kirefu. "Siku nyingine siwezi," akasema. "Leo naweza. Sikuyanunua, mjukuu wangu."

Twawaandikia jibu hilo lote, pamoja na nusu yake ya kwanza, kwa sababu mazishini watu hupenda kuitaja nusu ya pili tu. Zaburi ya 88 huishia gizani, nayo imo katika Biblia. Ninyi mnaowatembelea wagonjwa, msimharakishe mtu kushukuru kabla hajalia.

Jioni tulimshika mkono tukampeleka ufukoni, naye hutuuliza twaona nini. Tukijibu, "Bahari," hakuridhika. Maji yamejaa au yamekupwa? Ngalawa ni ngapi, nazo zaelekea wapi? Ndege wale wana miguu ya rangi gani? Jioni moja aliuliza habari za mzee mmoja jirani, aliyezoea kuketi chini ya mkungu akishona nyavu. Tulitazama, tukamwambia kwamba leo hayupo.

"Na jana?"

Hatukukumbuka. Alituagiza twende mara moja tukapige hodi kwake. Tulimkuta yule mzee kitandani, ana homa ya siku mbili, na mtungi wake umekauka.