Je, Umbo la Kutisha ni Alama ya Moyo Mbaya?

Hadithi za kutisha, na picha za sinema za namna hiyo, zina desturi moja: humpa mwovu mwili wenye kasoro. Twaonyeshwa kovu, au kibyongo, au mguu wa kuchechemea, ili tumchukie mtu kabla hajatenda neno. Je, ni haki kuuhukumu moyo kwa umbo?

Na tuitazame picha iitwayo Freaks, iliyotengenezwa Marekani na Tod Browning mwaka wa 1932. Browning katika ujana wake alifanya kazi katika sarakasi, akawajua watu waliotazamwa kwa fedha kwa ajili ya maumbile yao. Basi hakuwavika waigizaji vinyago, bali aliwatafuta watu wenyewe: watu wafupi mno, pacha walioungana, na Prince Randian, asiyekuwa na mikono wala miguu, ambaye twamwona akiwasha sigara kwa kinywa chake tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Cleopatra, mwanamke mzuri wa sarakasi, aolewa na Hans, mtu mfupi sana, kwa kuitamani mali yake, kisha amtilia sumu. Wahenga walisema, Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wenye kasoro ndio wanaopendana na kutunzana. Hapo picha yafundisha neno la kweli.

Lakini mwishoni rafiki zake Hans walipiza kisasi usiku, katika mvua na matope, nao wamharibu yule mwanamke hata awe kitu cha kutazamwa kwa hofu. Hapo picha yabomoa iliyoyajenga. Kwa maana, ikiwa mwili ulioharibika ndio adhabu ya mwovu, mtazamaji atamdhania nini mtu aliyezaliwa hivyo?

Watu wengi walichukizwa na picha hiyo, na Uingereza iliikataza kwa muda wa miaka 30 hivi. Yafaa kuuliza: walichukizwa na ukatili, au na kuwaona watu wale? Ikiwa ni kuwaona tu, kosa si la wale walioonwa.

Hofu ya macho huja kwa ghafula, wala hatuwezi kuizuia isije; lakini twaweza kuizuia isikae katika kiti cha hakimu. Akutanaye na mtu aliyeharibiwa uso kwa ukoma au kwa moto, hata akishtuka, na asimame, amsalimu, asikilize maneno yake. Ndipo atakapoanza kumjua.