Ndege wa Mti na Ndege wa Kweli

Je, yawezekana kupenda chombo bila kuipenda kazi kilichotengenezewa? Swali hili huniandama kwa sababu ninao ndege watatu wa mti, waliochongwa na kupakwa rangi kwa mkono katika pwani ya mashariki ya Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Hawakuchongwa wawe mapambo. Walikuwa chambo. Mwindaji aliwachomeka kwa vijiti kwenye tope la ufukweni, kisha akajificha na bunduki yake. Kitwitwi au sululu aliyepita angani aliona wenzake wametua, akaamini kwamba hapo pana chakula na amani, akashuka. Kundi lilipopigwa, mara nyingi waliosalia waligeuka kuwazunguka majeruhi wao, nao wakapigwa. Mizoga ilipelekwa kwenye masoko ya Boston na New York. Sheria ya mwaka 1918 ndiyo iliyopiga marufuku biashara hiyo.

Utaona, msomaji, kwamba ndege hawa walinaswa kwa lile lililo jema ndani yao, yaani ujamaa wao.

Wachongaji walikuwa mabingwa. Elmer Crowell wa East Harwich, Massachusetts, aliyefariki mwaka 1952, aliwahi kuwinda ndege wa kuuza. Alijua vizuri jinsi shingo inavyopinda na manyoya yanavyolaliana. Mwaka 2007 kazi zake mbili, bata na bata bukini, ziliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja kila moja.

Wapo wasemao kwamba anayemjua kiumbe kiasi hicho lazima awe anampenda. Mimi nasema sivyo. Hata mwizi huijua nyumba kuliko mwenyewe. Kutazama kwa makini ni nusu tu ya upendo. Nusu ya pili ni kumtakia uhai yule unayemtazama.

Wala sisi wakusanyaji tusijione wasafi. Twaweza kubishana kutwa nzima juu ya rangi ya asili, tusiulize ndege mwenyewe yuko wapi. Aina moja ya sululu wa Amerika, aliyewindwa kupita kiasi, alithibitishwa kuonekana kwa mara ya mwisho mwaka 1963, alipopigwa risasi kisiwani Barbados. Leo mfano wake wa mti una bei, mwenyewe haonekani.

Basi niwachome moto ndege wangu? La hasha! Kuchoma ushahidi si toba. Mmoja wao ana matundu ya marisau ubavuni. Fundi alitaka kuyaziba, nikakataa. Matundu hayo ndiyo yanayosema kweli.

Ninachoamini ni kwamba mwenye ndege wa mti anadaiwa na ndege wa kweli. Kitwitwi wa kijivu, aliyechongwa sana huko Marekani, ni wa jamii ile ile ya wale wanaotoka Aktiki kila mwaka na kutua kwenye matope ya Mida, Kenya. Tope hilo likiharibiwa, hakuna mchongaji atakayewarudisha. Amwekaye wa mti kabatini asimtetee wa kweli ufukweni, huyo amependa mti tu.