Mwembe Huu ni wa Nani?

Kobe hubeba nyumba yake mgongoni, kwa hiyo hana mlango wa mtu wa kubisha hodi. Gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, limemfanya binadamu kuwa kobe mwenye injini. Mwenye gari hilo haitaji gesti wala mama lishe, na hana haja ya kuomba hata kikombe cha maji. Anahitaji kitu kimoja tu: mahali pa kusimama usiku.

Wasafiri wa namna hiyo hulichukulia jambo hilo kuwa la kiufundi. Pawe tambarare ili kitanda kisiinamie upande mmoja. Pawe na kivuli, pasiwe na tope, na pasiwe mbali sana na geti la hifadhi. Ni ushauri mzuri. Kasoro yake ni kwamba unauliza ardhi inafaaje kwangu, na hauulizi mimi nimesimama kwa nani.

Tuchukue safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wengi hupita Kibiti hadi Mloka, kijiji kilicho karibu na geti la Mtemere. Ipo pia njia ya ndani, inayopita Kisarawe, Maneromango na Vikumburu. Tuseme vijana wawili wamechagua njia hiyo ya ndani. Foleni ya Gongo la Mboto imewala saa mbili, na magharibi inawakuta wameacha barabara kuu na kuingia kwenye vijiji vya Msimbu, kata mojawapo ya Wilaya ya Kisarawe. Geti liko mbali, na hata wangelifikia, ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuzunguka na gari usiku. Kushoto, mita chache kutoka njiani, wanaona mwembe mkubwa. Chini yake ni tambarare, hakuna nyumba, hakuna uzio, hakuna mtu. "Hapa ni pori tu," anasema mmoja, na anazima injini.

Swali langu linaanzia kwenye neno hilo, pori.

Mwembe si mti wa pori. Katika nchi ya Pwani, ukikuta mwembe mkongwe umesimama peke yake vichakani, mara nyingi umekuta mahame, mahali ambapo palikuwa na mji wa mtu. Kivuli unachokifurahia kilipandwa. Pengine mpandaji alihama kwa hiari kufuata shamba jipya. Pengine alihamishwa katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, familia nyingi zilipoondolewa kwenye makazi yaliyotawanyika na kukusanywa pamoja. Nyumba ya udongo hurudi udongoni baada ya masika chache, lakini mwembe hubaki, na makaburi hubaki. Wajukuu bado wanajua embe hizo ni za nani. Vivyo hivyo na mti wa mkole, ambao kwa Wazaramo unahusika na mila za mwali: mpita njia anaona kichaka, mwenyeji anaona mahali penye heshima yake.

Kwa hiyo kilichoitwa "pori tu" ni shamba lililopumzishwa, au mji uliohama, au mahali pa tambiko. Mgeni hakusema uongo. Alisema tu asichokijua kana kwamba hakipo.

Wala si wasafiri peke yao wenye macho hayo. Sheria zetu mbili za ardhi za mwaka 1999 zimeigawa ardhi ya nchi katika makundi matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Lakini Sheria ya Ardhi, katika kueleza ardhi ya jumla ni ipi, inajumuisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, na wanasheria wamebishana juu ya maneno hayo miaka mingi. Ubishi wao ndio ule ule wa chini ya mwembe: nani anaamua kwamba mahali hapatumiki? Anayepapita jioni moja, au anayepaacha palale ili mtoto wake apalime miaka mitano ijayo?

Msomaji anaweza kusema: basi wasilale kijijini. Wajipange, watoke Dar alfajiri, walale ndani ya hifadhi. Huko kuna maeneo ya kambi yaliyotengwa, unalipa ada, unapewa risiti, humkosei mtu. Ni jibu zuri, nami ningewashauri hivyo hivyo. Lakini risiti inathibitisha malipo, haithibitishi kwamba mahali hapo hapakuwa na watu. Hifadhi ya Nyerere ilianzishwa mwaka 2019 kwa kumega sehemu ya Selous, ambayo jina lake rasmi la Kiswahili ni Pori la Akiba. Pori, tena. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka sehemu za Liwale kwa hoja ya kuwaepusha na malale, na nchi waliyoiacha ikaingizwa katika pori hilo. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti ili hifadhi ibaki bila makazi. Unaweza kuamini, kama ninavyoamini mimi, kwamba tembo wanahitaji nafasi kubwa isiyo na watu. Ila usilale pale ukidhani ukimya wa usiku ule ni wa asili tangu zamani. Sehemu yake ni ukimya wa waliohamishwa.

Ndipo tunapofika kwenye ugumu wenyewe. Hifadhi na kijiji vina maadili mawili ya ugeni yanayopingana. Hifadhini mgeni mwema ni yule asiyeacha kitu: haachi taka wala moto, na hatoki nje ya barabara. Bora apite kama hakuwahi kuwepo. Kijijini mgeni wa namna hiyo ni mtu wa kutiliwa shaka. Aliyekuja usiku, akalala, akaondoka alfajiri bila kusalimia, hata kama hakuacha kipande cha karatasi, ameacha maswali: alikuwa nani, alitaka nini, ametoka na nini? Mgeni mwema wa kijijini huacha kitu. Huacha jina lake kwa mwenyekiti wa kitongoji, huacha shikamoo kwa wazee, huacha fedha kidogo gengeni kwa nyanya na mkaa. Gari-nyumba limeundwa kwa wema wa kwanza. Kosa ni kuupeleka wema huo mahali unapodaiwa wa pili, kisha kujisifu kwamba hukumdhuru mtu.

Naijua hoja ya upande wa pili, na si dhaifu. Hodi ya mwenye gari la mamilioni kwa mzee mwenye jembe ni ombi kweli, au ni amri iliyovaa kanzu? Mzee atakataaje? Na ukimpa elfu ishirini asubuhi, umemshukuru au umemlipa? Kesho akija mgeni asiye na elfu ishirini, atakaribishwa vile vile? Fedha ina tabia ya kuingia kwenye ukarimu kama chumvi: kidogo inakoleza, ikizidi chakula hakiliki. Sina dawa ya ugumu huo. Ninachoona ni kwamba kutopiga hodi hakuuondoi, kunamwondoa mzee tu kwenye mazungumzo. Hodi, hata ikiwa na mizani isiyo sawa, inampa nafasi ya kusema: "Karibuni, ila si pale, pale pana makaburi. Sogeeni hapa penye mkorosho." Sentensi hiyo moja haipatikani kwenye ramani ya simu.

Wengi wetu tunaosoma haya hatutamiliki gari-nyumba. Lakini mjini tunazungumza juu ya Kisarawe kwa sauti ile ile. "Nimepata pori zuri Msimbu, ekari mbili, bei poa." Tunatafuta kilicho tambarare, chenye kivuli, kisicho mbali na lami. Tunaweka nguzo na waya, na njia ambayo wanawake walipita kwenda kisimani inakatika katikati. Hiyo nayo ni kuegesha, ila ni kuegesha kusikoondoka alfajiri. Karatasi zinaweza kuwa halali kabisa, mihuri yote ikawepo, na bado hodi ikawa haijapigwa.

Kwa hiyo kigezo changu cha kuchagua mahali pa kusimama ni hiki: simama pale ambapo yupo anayeweza kukukatalia. Wanyama hawawezi kusema "hapana", ndiyo maana hifadhi zina askari na kanuni za kusema kwa niaba yao. Waliopanda mwembe nao hawawezi tena kusema, lakini warithi wao wapo, hawako mbali, na moshi wa jikoni kwao unaonekana toka barabarani. Wale vijana wawili wana taa na wana miguu. Kabla ya kushusha kitanda, watembee dakika kumi kuelekea kwenye moshi huo wakaulize mwembe ni wa nani. Wakikubaliwa, watalala. Wakikataliwa, watawasha injini na kusogea mbele, na hawatakuwa wamedhulumiwa chochote.