Je, Kupanda Mtama ni Shauri la Mtu Mmoja?

Watu husema, "Shamba ni langu, mbegu ni yangu, nipandacho hakimhusu jirani." Maneno hayo yaonekana kuwa ya haki. Lakini na tuyapime kwa habari ya mtama katika nchi ya Ugogo.

Nchi ile hupata mvua haba, kadiri ya milimita 500 au 600 kwa mwaka. Mvua ikikatika wakati mahindi yanapochanua, mavuno yamekwisha. Mtama si hivyo. Mizizi yake hushuka chini sana, majani yake hujikunja yasipoteze maji, na mmea hutulia kana kwamba umelala. Mvua irudipo, huamka ukaendelea kukua. Na Wagogo wajua njaa ni nini, kwa kuwa tangu 1917 hata 1920, vita na ukame vilipokutana, iliwapata ile iitwayo Mtunya.

Mbona basi wengine wameuacha mtama? Wako waonao haya kumwandalia mgeni ugali wake; hao tusikawie nao. Lakini wengine wana sababu ya kweli, nayo ni ndege. Hindi limefunikwa na maganda yake, bali punje za mtama zi wazi juu ya suke, na kweleakwelea huzishukia kwa makundi makubwa. Hapana budi mtu akae dunguni tangu alfajiri hata jua kuchwa, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto, ambaye mahali pake shuleni ni patupu. Mimi niliye mwalimu siwezi kulidharau jambo hilo.

Sasa angalieni. Wakipanda watu 40, ndege hutawanyika, na kila mmoja hupoteza kidogo. Wakiacha 39, ndege wote humwangukia yule mmoja aliyebaki. Naye mwaka ujao ataacha. Wale 39 hawakuiba wala hawakuvunja sheria, lakini wamemtwika jirani mzigo wasiouona.

Sisemi watu walazimishwe. Apendaye mahindi na apande, ila atenge na kipande cha mtama. Na watu wazima wapokezane zamu ya kuamia, ili mtoto aende shule. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena tukumbuke: siku mvua itakapokatika, jirani huyo huyo ndiye tutakayemwendea na kikapu mkononi.