Kifaa Kikizimwa, Dereva Anabaki na Nani?



Hapa Ilomba barabara kuu ya kwenda Tunduma inatupitia mlangoni, na mabasi ya mikoani tunayajua kwa majina. Mabasi hayo LATRA inataka yafungwe kifaa cha VTS. Kifaa hicho kinapokea mawimbi ya setilaiti, kinapiga hesabu basi liko wapi na linakwenda mwendo gani, kisha kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mwisho wa mwendo kisheria kwa basi ni kilomita 80 kwa saa, na anayekimbia zaidi anaonekana. Kukichezea kifaa ni kosa.

Sasa najiuliza: dereva anayepunguza mwendo kwa sababu tu anafuatiliwa, amefanya jema?

Wapo wanaosema huo ni unafiki. Mimi sikubali moja kwa moja. Mama aliyepakata mtoto siti ya nyuma hawezi kusubiri dereva aongoke ndipo afike salama. Haki yake ya kuishi ni ya leo. Katekisimu ya Kanisa, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha watu barabarani kwa ulevi au kwa kupenda kasi ana hatia nzito. Kwa hiyo sheria inayomzuia dereva inamlinda yeye pia.

Lakini haitoshi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alitofautisha hofu ya mtumwa, anayeogopa adhabu, na hofu ya mwana, anayeogopa kutengana na baba yake. Hofu ya kwanza ni mwanzo tu. Kifaa kikizimwa, nayo inazimika. Ya pili inabaki macho hata usiku, mteremkoni, pasipo trafiki.

Tena tusimwachie dereva mzigo wote. Tajiri anayetaka basi liwahi ili apate abiria wengi, naye yumo. Na sisi tunaopiga kelele, "Kanyaga dereva, tunachelewa!" tumo pia. Kifaa hakipeleki sauti zetu popote, ila Mungu anazisikia.

Basi safari ijayo, mwendo ukizidi, mwambie konda kwa heshima: "Kaka, naomba dereva apunguze." Wakikucheka, vumilia. Aliyekaa siti ya pembeni ndiye jirani tuliyeamriwa kumpenda.

Mtakatifu Kristofa, utuombee.